Mvuke nyuma ya boti hauthibitishi kwamba gasketi imekufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu ushauri mliowapa wenye boti wiki iliyopita. Mwandishi wenu alisema kwamba boti ikianza kutoa mvuke mweupe kwenye ekzosi, basi gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha mashine, imekufa. Akaendelea kwamba kabla ya kumwita fundi, mwenye chombo afungue mfuniko wa maji aongeze, kisha atoe themostati, ile valvu inayofunguka kwa joto kupitisha maji yakapozwe, atembee bila hiyo, aone kama mashine itaacha kuchemsha. Mimi ni fundi wa mashine za boti, za ndani na za kupachika nyuma ya boti, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuzirekebisha mashine zilizofunguliwa pasipo sababu. Katika mambo hayo matatu, moja linaunguza mtu, moja linaimaliza mashine polepole, na moja linamwingiza mwenye chombo katika gharama ya bure.

Naanza na linalounguza, na hata kama nafasi ni finyu na barua hii itakatwa, aya inayofuata naomba ichapwe.

Mfuniko wa tangi la maji ya kupoza umetengenezwa ushikilie presha. Maji yaliyo chini ya presha hayachemki kwenye nyuzi 100. Presha ikizidi ile ya hewa kwa baa 1, maji hufika karibu nyuzi 120 yangali maji. Ukilegeza mfuniko, presha inaondoka papo hapo, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke kwa mpigo na kuruka juu. Kwenye gari mtu ana nafasi ya kurudi nyuma. Ndani ya chumba cha mashine cha boti ameinama, kichwa kiko juu ya tangi, mgongo unagusa dari, hana pa kukimbilia. Nimemvua shati kijana aliyefungua mfuniko namna hiyo, na ngozi ya shingo ilitaka kuja na kola. Mfuniko haufunguliwi mpaka kiganja kikae juu ya tangi bila kuungua, na hata hapo uwekewe kitambaa kinene, uzungushwe kidogo mpaka hatua ya kwanza, usubiriwe upumue wote, ndipo utolewe.

Sasa mvuke wenyewe. Mashine nyingi za ndani hupozwa na maji ya aina mbili. Kuna maji ya ndani, yaliyochanganywa na kulanti, yaani dawa ya maji ya kupoza, yanayozunguka humo humo kwenye bloku na silinda hedi. Na kuna maji ya nje, ya bahari au ya ziwa, yanayovutwa na pampu kutoka chini ya boti. Haya ya nje hupita kwenye kipozeo, ambamo hubeba joto la maji ya ndani pasipo kuchanganyika nayo, kisha humwagwa ndani ya ekzosi yakatoka nyuma pamoja na moshi. Mashine ikiwa na mzigo, moshi unaotoka kwenye manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, unaweza kupita nyuzi 400, na mbele yake kuna bomba la mpira. Mpira huo unadumu kwa sababu moja tu: kwenye kiwiko cha ekzosi maji yanaukuta moshi na kuupoza, kiasi kwamba mashine ikiwa nzima unaweza kulishika bomba kwa mkono.

Maji yakiwa mengi, yanapata joto kidogo na kutoka yakiwa maji, kwa vishindo unavyovisikia. Yakipungua, kiasi kilichobaki kinabeba joto lote peke yake, kinachemka humo humo bombani na kutoka kikiwa mvuke. Kwa hiyo mvuke, mara nyingi kuliko jambo lingine lolote, unakwambia maji ya nje hayatoshi. Gasketi inaweza kuwa nzima kabisa wakati huo.

Kwanza hakikisha ni mvuke. Nenda tezi, uinamie ekzosi, utazame na unuse. Mvuke hupotea hewani hatua chache nyuma ya boti. Moshi mweupe wa dizeli isiyoungua unaning'inia juu ya maji, unachoma macho, unanuka dizeli, na unaacha utando wa mafuta wenye rangi nyingi. Huo unatokana na nozeli mbovu, kompresheni ndogo, au mashine ambayo haijapata moto. Moshi wa buluu ni oili. Mweusi ni mzigo uliozidi au hewa isiyotosha. Mvuke wenye harufu tamu una kulanti ndani yake, na huo ndio wa kutia wasiwasi juu ya gasketi au kipozeo kilichotoboka. Tena asubuhi ya baridi hata mashine mpya hutoa mvuke, kama pumzi ya mtu inavyoonekana kwenye baridi. Kama maji yanatoka kwa wingi wake wa kawaida na bomba linashikika, iache ifanye kazi.

Watu wengi wananijibu, "Fundi, lakini geji iko sawa." Geji haioni ekzosi. Kihisio chake kimefungwa kwenye maji ya ndani. Maji ya nje yanaweza kupungua nusu, na kwa mwendo mdogo kipozeo kikaendelea kumudu kazi, sindano ikabaki palepale huku bomba la mpira nyuma likiiva. Kuna na kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: maji ya ndani yakivuja mpaka kihisio kikabaki hewani, sindano inaweza kushuka wakati mashine inaungua. Nahodha anaona imepoa, anaongeza mafuta. Sindano ikishuka ghafla mashine ikiwa na mzigo, ichukulie kama hatari sawa na kupanda.

Njia ninayoifuata, na ambayo ningependa kila mwenye boti aifuate kabla hajanunua kifaa chochote, ni kuyafuata maji yenyewe kuanzia yanakoingia mpaka yanakotoka. Silinda hedi haiguswi mpaka njia nzima imekaguliwa.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Kinga ndoo kwenye ekzosi boti ikiwa imefungwa gatini, mashine ikizunguka kwa kasi unayoijua, uhesabu sekunde mpaka ijae. Linganisha na kitabu cha mashine. Bora zaidi, linganisha na kipimo ulichochukua mwenyewe siku ilipokuwa nzima na kukiandika ukutani kwenye chumba cha mashine. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaofanya hivi, ilhali hakuna kifaa cha bei kubwa kitakachokwambia mengi kuliko ndoo na saa.

Baada ya hapo teremka chini ya boti. Mwani, magamba yaliyoota kwenye wavu wa tundu la kuingizia, mfuko wa plastiki. Mfuko una tabia ya kupoteza watu: ukizima mashine unaachia na kuelea, ukiwasha na kuongeza mwendo unavutwa tena na kuziba. Mwenye boti anakuja kwako anasema mashine inachemsha baharini tu, ikifika gatini inapona. Funga koki, ile valvu ya pale maji ya nje yanapoingia botini, vua bomba, fungua koki tena kidogo. Maji yanatakiwa yaruke kwa nguvu ndani ya boti. Yakija kwa kusuasua, tatizo umeshalipata na hukutumia spana zaidi ya moja.

Kisha chujio. Uchafu kila mtu anauona. Kinachowashinda wengi ni hewa. Iliwahi kuletwa kwangu boti iliyokuwa inatoa mvuke kwa mwendo wowote. Pampu ilikuwa imebadilishwa, kipozeo kimesafishwa, chujio linameta. Nilikata bomba kati ya chujio na pampu, nikaunga kipande cha bomba la plastiki angavu, nikawasha. Maji yalipita yakiwa meupe kama povu la sabuni, mapovu madogo madogo yanakimbizana bila kukatika. Pampu ilikuwa inavuta hewa. Nilimwaga maji juu ya mfuniko wa chujio, na kwa muda mfupi mapovu yakapungua, kisha yakarudi. Raba ya mfuniko ilikuwa imekauka na kupasuka upande mmoja, ufa ambao hukuuona mpaka uikunje. Raba ikabadilishwa, maji yakapita angavu, mvuke ukaisha. Upande wa kuvuta hauvujishi maji nje mashine ikizunguka, unavujisha hewa ndani, kwa hiyo kutafuta tone la maji sakafuni hakusaidii. Kipande kile cha bomba angavu bado kimo kwenye sanduku langu, na nakitumia kuliko kifaa kingine chochote.

Hapo hapo upande wa kuvuta, lishike bomba la mpira wakati mtu mwingine anaongeza mafuta. Bomba la zamani hulainika au tabaka lake la ndani huachana na la nje. Kwa mwendo mdogo linapitisha maji, kwa mwendo mkubwa linajibana lenyewe kwa nguvu ya mvuto. Ukilisikia linanywea mkononi, tafuta bomba lenye waya ndani yake.

Pampu ya maji ya nje ina kipande cha mpira chenye mabawa, ambacho wengi tunakiita impela. Mpira huu hulainishwa na maji yale yale unaoyasukuma. Ukizunguka mkavu, unaungua kwa muda mfupi sana. Ukifungua kifuniko ukakuta mabawa yamekatika, kazi imeanza. Toa vipande vyote, vipange mezani kando ya impela mpya mpaka vikamilike. Kama bawa moja au hata pembe ya bawa haipo, imo ndani ya mfumo, na mara nyingi imekwama kwenye mdomo wa kifaa kinachofuata, iwe kipozeo cha oili au kipozeo cha maji. Fundi anayefunga impela mpya bila kuvitafuta vipande vya zamani amewacha kizibo ndani ya mashine. Maji yatakuja vizuri zaidi ya jana, na mvuke utarudi mara tu boti ikibeba watu.

Angalia pia kifuniko cha pampu na ukuta wake wa ndani. Mchanga wa kina kifupi huvichimba, na impela mpya kwenye pampu iliyochimbika haiwezi kuvuta vizuri, hasa mashine ikizunguka polepole. Wakati wa kufunga, ipake impela glisirini au sabuni. Grisi ya petroli inaharibu mpira wa aina nyingi za impela.

Kipozeo kina mirija myembamba mingi. Chumvi na chokaa hujenga humo taratibu, na joto likizidi kiasi cha nyuzi 60 mashapo hayo hujenga haraka zaidi, ndiyo maana mashine nyingi zinazopozwa moja kwa moja na maji ya bahari huwekewa themostati ya kiwango cha chini. Vipande vya zinki, iliyowekwa humo iliwe badala ya chuma cha kipozeo, navyo hukatika na kuziba mirija, basi zinki ibadilishwe ikifika nusu. Tafadhali msichokonoe mirija kwa waya wa chuma. Tumieni kijiti cha mbao au cha shaba chembamba kuliko mrija, au tindikali hafifu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, halafu suuzeni kwa maji mengi. Mrija mmoja ukitoboka, kulanti inapungua kila siku bila kuonekana inakokwenda, kwa kuwa presha ya ndani inaisukuma iende nje na maji ya bahari. Au mashine ikipoa, chumvi inaingia ndani. Kulanti ya kawaida ina ethilini glikoli, ambayo ni sumu ingawa ladha yake ni tamu, kwa hiyo isionjwe, isiachwe kwenye kopo wazi penye watoto au mbwa, na isimwagwe majini.

Nifike sasa kwenye kiwiko cha ekzosi, kwa sababu hapa ndipo mashine nyingi huhukumiwa kimakosa. Kiwiko hiki ndicho sehemu ngumu kuliko zote kwa chuma: moshi wa moto mkali upande mmoja, maji ya chumvi upande mwingine, masizi katikati. Hakidumu umri wa mashine. Kinaliwa kutoka ndani, na kwa nje kinabaki na rangi yake nzuri. Niliitwa kwenye boti ya abiria ambayo silinda hedi yake ilikuwa imeshafunguliwa na kusawazishwa, gasketi mpya imefungwa, kisha ikafunguliwa tena mara ya pili kwa sababu mvuke haukuisha. Mwenye boti alikuwa ameshaanza kuzungumza habari ya kununua mashine nyingine. Nikavua bomba la maji linaloingia kwenye kiwiko na kulielekeza kwenye ndoo. Maji yalikuja kwa wingi, ndoo ikajaa upesi. Maana yake kila kitu kabla ya kiwiko kilikuwa kizima, na kila kitu kuanzia kiwiko chenyewe kilikuwa na kesi ya kujibu. Nilipokifungua, nafasi ya kupita maji, ambayo kidole gumba kilipaswa kuingia, ilikuwa imebaki ya penseli. Nilikigonga kwa mpini wa bisibisi, magamba ya kutu yakamwagika kwenye kitambaa, meusi upande mmoja na mekundu upande wa pili. Kiwiko kikabadilishwa. Silinda hedi, gasketi, na yule mtu aliyelala usiku kucha akiwaza mkopo, wote walikuwa wameteswa bure.

Mashine za petroli zenye silinda za pande mbili zina viwiko viwili, na hapo kuna kipimo chepesi. Chukua kipimajoto cha kuelekeza, kile cha miale, upime kiwiko cha kushoto na cha kulia mashine ikiwa na mzigo ule ule. Tofauti kubwa kati yao inakuonyesha upande ulioziba. Ila usipime kwenye chuma kinachong'aa, maana kipimajoto hicho hudanganyika. Bandika kipande cha utepe mweusi usioharibika kwa joto, au piga rangi nyeusi isiyong'aa, upime hapo. Kipimajoto hicho hicho kitakwambia pia kama geji inasema kweli: pima kwenye nyumba ya themostati, linganisha na sindano. Ikiwa chuma kina nyuzi 80 na geji inasema 105, tafuta waya au kihisio kwanza.

Viwiko hivyo vikitoboka ndani, maji ya bahari huteremka kwenye silinda mashine ikiwa imezimwa. Maji hayabanwi. Siku ya pili ukipiga stata, pistoni inakutana nayo na fimbo ya pistoni inapinda. Mashine ikikwama kwenye stata baada ya safari yenye mvuke, usilazimishe. Toa plagi au nozeli kwanza, uizungushe maji yatoke.

Themostati, sasa. Kuitoa ni desturi mbaya iliyoenea, na naelewa ilikotoka: mtu aliitoa mara moja, joto likashuka, akaamini ametibu. Kwenye mashine nyingi themostati hufanya kazi mbili. Inafungua njia ya kwenda kwenye kipozeo, na wakati huo huo inaifunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye mashine bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Kwa mwendo mdogo mashine inakuwa baridi mno, oili inapata tope zito na majimaji, silinda zinalika. Kwa mzigo mkubwa sehemu ya maji inazunguka bila kupozwa, na mashine inaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo. Kama unaishuku, ni kifaa cha kupimika jikoni: itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, upashe moto taratibu, utazame inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi. Kiwango kimepigwa muhuri mgongoni mwake. Ikifunguka panapotakiwa, irudishe. Isipofunguka, nunua nyingine ya kiwango kile kile.

Wakati mwingine maji yanatosha na mfumo ni safi, lakini joto linalozalishwa limezidi. Boti iliyoota majani na magamba chini, kamba iliyojiviringisha kwenye pangaboi, pangaboi kubwa kuliko nguvu ya mashine. Dalili ni kwamba ukifungua mafuta yote mashine haifiki mizunguko iliyoandikwa kitabuni, na moshi ni mweusi. Hapo huhitaji fundi wa mashine, unahitaji kuisugua boti.

Na gasketi je? Inakufa, sikatai. Ila inatoa ushahidi wake. Mapovu yanayopanda bila kukoma kwenye tangi la maji, mashine ikiwa imewashwa kutoka baridi na mfuniko uliotolewa kabla ya kuwasha. Mabomba yanayokuwa magumu kwa presha mara tu inapowaka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Kompresheni iliyoshuka kwenye silinda mbili zilizo jirani. Kuna pia dawa ya kupimia ambayo hubadilika kutoka buluu kuwa njano ikikutana na gesi ya moshi kwenye maji ya kupoza. Fundi anayetaka kufungua silinda hedi yako aombwe akuonyeshe angalau mawili kati ya hayo kwa macho yako. Mvuke peke yake hautoshi.

Kwa mashine za kupachika, watu wanautegemea mno ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni. Mchirizi ukikatika, zima mara moja, lakini kabla hujaikatia tamaa pampu, pitisha waya laini kwenye kitundu chake, maana chumvi na viota vya wadudu huziba hapo. Mchirizi ukiwepo, unakuhakikishia tu kwamba pampu inasukuma. Hauthibitishi kwamba njia za kuzunguka silinda ziko wazi. Ushike: uvuguvugu ni sawa, ukiunguza vidole ni dalili mbaya. Na impela ya mashine hizi ina ujanja wake. Mabawa yanaweza kuwa mazuri kabisa huku mpira umebanduka kutoka kwenye kitovu chake cha chuma, shafti inazunguka na impela imesimama. Kishike kitovu kwa koleo na ujaribu kuuzungusha mpira kwa nguvu.

Likitokea mkiwa safarini, punguza mafuta kwanza, kisha tazama nyuma. Kama maji bado yanatoka, weka gia huru uache mashine izunguke polepole ipoe, kwa sababu ukizima ghafla joto lililo kwenye chuma halina pa kwenda na sindano itapanda zaidi kwa muda. Kama hayatoki kabisa, zima, tia nanga. Usimwagie mashine ya moto maji ya baridi, bloku inaweza kupasuka. Kabla ya kufungua kifuniko cha chumba cha mashine kiguse kwa mgongo wa mkono. Kikiwa cha moto mno kunaweza kuwa na moto ndani, na hewa mpya ndiyo utakayoulisha. Halafu tazama ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti. Bomba la ekzosi likiungua, maji yanayotakiwa kwenda nje yanamwagwa ndani ya boti, na moshi nao unaingia kwa abiria ukiwa na kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Abiria akilalamika kichwa kinamuuma na kichefuchefu kwenye boti yenye hitilafu ya ekzosi, msimwambie ni mawimbi. Mtoeni penye hewa. Na kama mashine inakataa kuwaka, msipige stata mfululizo koki ikiwa wazi. Kila mzunguko unasukuma maji kwenye mafla, kile chombo cha kupunguza kelele za ekzosi, na kwa kuwa hakuna moshi wa kuyatoa, yatajaa na kurudi ndani ya silinda. Ifungeni koki, na muifungue mara tu mashine ikishika.

Kwa wenye boti za abiria nina ombi mahususi. Wekeni alamu ya joto kwenye bomba la ekzosi, mara baada ya kiwiko. Ni kihisio kinachofungwa juu ya mpira kwa klipu, waya mbili na king'ora, na mtu anayejua kufunga taa za boti anaweza kukifunga. Impela ikikatika, king'ora hicho kitalia wakati geji bado inaonyesha kawaida, na zile dakika chache za katikati ndizo zinazoamua kama mtabadilisha kipande cha mpira au bomba zima, na pengine mashine.

Kwako Mhariri, naomba masahihisho kuhusu mfuniko na themostati yatoke kwenye ukurasa ule ule ulipotoka ushauri wa kwanza, kwa sababu manahodha wengi hukata ukurasa huo na kuubandika kwenye chumba cha mashine. Mwandishi wenu akitaka kuona pampu, kipozeo na kiwiko vikifunguliwa, anakaribishwa karakana yangu siku yoyote ya kazi, na kile kipande cha bomba angavu nitamwazima.

Wako,
Fundi wa mashine za boti